Slasha ya trekta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kununua

Haya ni maswali ambayo wenye mashamba na madereva huyarudia kila mvua zinapokaribia kwisha na majani yamefika kifuani. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, ambako matrekta ya HP 45 hadi 80 ndiyo yaliyoenea, na mashamba yana visiki, vichuguu na mawe ambayo vijitabu vya watengenezaji havitaji. Jambo lililojibiwa kwenye swali jingine sikulirudia, nimeelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Slasha ya trekta inafanyaje kazi?

Ni mashine ya kufyeka majani na vichaka: boksi la bati nene linalofungwa nyuma ya trekta kwenye mikono mitatu ya haidroliki. Shafti inachukua mzunguko kutoka PTO ya trekta (kichwa cha nyuma kinachozungushwa na injini) na kuupeleka kwenye giaboksi iliyo juu ya boksi. Giaboksi inaugeuza mzunguko uelekee chini na kuuongezea kasi, na chini yake visu viwili au zaidi vinazunguka sambamba na ardhi. Kila kisu kimeshikwa kwa bolti moja nene na kinaweza kujikunja, ili kikigonga kisiki kirudi nyuma badala ya kuvunjika.

Kinachokata hasa ni kasi. Chukua slasha ambayo visu vyake vinachora duara la kipenyo cha mita 1.5 na vinazunguka mara 900 kwa dakika: ncha ya kisu inakwenda takriban mita 70 kwa sekunde, yaani kilomita 250 kwa saa na ushei. Ndiyo maana kisu butu bado kinakata, giaboksi dhaifu inapasuka, na jiwe dogo linaweza kumuua mtu aliyesimama mbali.

Kuna aina gani, na ipi inanifaa?

Kwa mashamba mengi ya huku jibu ni slasha ya kawaida ya visu vya kuzunguka. Ni rahisi kutengenezeka, inavumilia fujo, na fundi wa karibu anaielewa.

Aina ya pili ina rola lililolala, lenye visu vidogo vingi vinavyoning'inia. Inasaga majani vizuri na hairushi mawe mbali, hivyo inafaa viwanja vya shule, bustani za hoteli na kando ya barabara zenye watu. Ila kwa upana uleule inadai nguvu zaidi, bei iko juu, na kubadilisha visu vyote ni kazi ya siku nzima. Aina ya tatu ni mowa ya diski au dramu, ambayo ni ya kuvuna majani ya mifugo tu (tazama swali la hei mwishoni). Ya nne ina mkono mrefu wa haidroliki unaofika kwenye mitaro na kingo. Hiyo ni ya wakandarasi wa barabara na halmashauri, mkulima wa kawaida asihangaike nayo.

Kwa nini nisipige haro tu, maana tayari ninayo?

Haro inafukia majani na kulainisha udongo, na kwa shamba la mahindi kabla ya kupanda haina mpinzani. Lakini chini ya miti ya kudumu, yaani korosho, michungwa, miembe na minazi, haro inakata mizizi ya juu na kuacha udongo wazi, mvua kubwa ya kwanza ikija inaondoka nao. Slasha inaacha majani yaliyokatwa yakiwa matandazo na mizizi ya nyasi ikiendelea kushika ardhi. Kwa upande mwingine, haro inapunguza magugu kwa muda mrefu zaidi, ilhali baada ya slasha utarudi tena ndani ya msimu uleule. Mwenye miti ya kudumu kwenye ardhi yenye mteremko anahitaji slasha. Mwenye shamba tambarare la mazao ya msimu anaweza kuishi bila slasha kabisa.

## Kulinganisha slasha na trekta

Trekta langu ni la HP 50. Ninunue slasha ya futi ngapi?

Futi tano, yaani mita 1.5, kama una vichaka vyembamba. Futi sita kama ni nyasi tupu.

Hesabu yake ni hii. Nguvu inayofika kwenye PTO ni karibu asilimia 85 ya nguvu ya injini, kwa hiyo HP 50 inabaki kama 42. Nyasi za kawaida zinadai takriban HP 5 kwa kila futi ya upana, majani mazito yaliyochanganyika na vichaka vyembamba HP 8, na vichaka vya kweli HP 10 au zaidi. Futi tano mara 8 ni 40, imeingia. Futi sita mara 8 ni 48, imezidi. Trekta la HP 75 kama MF 375 linabaki na HP 64 hivi kwenye PTO, nalo linabeba futi sita kwenye vichaka au futi saba kwenye majani mazito.

Wauzaji wengi watakuvuta kwenye slasha pana kwa hoja kwamba utamaliza haraka. Kwenye maonyesho ya Nane Nane upana ndiyo namba ya kwanza utakayotajiwa. Trekta lililozidiwa linakwenda kwa gia ya chini kabisa, moshi mweusi, na mwisho wa siku limekata eneo dogo kuliko slasha nyembamba ambayo ingekwenda kilomita 5 kwa saa bila kusita.

Nikichukua futi tano, magurudumu hayatakanyaga majani nje ya slasha?

Kwenye matrekta mengi ya HP 50 kingo za nje za magurudumu ya nyuma zinazidi mita 1.5 kidogo, kwa hiyo ndiyo, yatabaki majani yaliyolala pembeni. Kwenye shamba la wazi hilo si tatizo: mzunguko unaofuata unayapitia. Ni tatizo kando ya uzio na kwenye mistari ya miti, ambako huwezi kupita mara mbili. Hapo tafuta slasha inayoweza kusogezwa upande mmoja, au punguza upana wa magurudumu ikiwa trekta lako linaruhusu na shamba ni tambarare.

Kwa slasha ya futi tano nitafyeka ekari ngapi kwa siku?

Upana wa mita 1.5 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni hekta 0.75 kwa saa kwenye karatasi. Toa moja ya tano kwa kugeuza na kupishanisha mistari, inabaki hekta 0.6, yaani karibu ekari moja na nusu. Kwa saa sita za kazi halisi ni ekari tisa. Vichaka vikiwa vinene, gawa kwa mbili.

PTO ya 540 na ya 1000 zina tofauti gani kwa mnunuzi?

Ni idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo mashine imetengenezewa. Slasha nyingi za ukubwa wetu ni za 540. Ukitazama nyuma ya trekta, shafti ya 540 ina meno 6 na ile ya kawaida ya 1000 ina meno membamba 21, hivyo kwa bahati nzuri haziingiliani. Usimkubalie fundi anayetaka kukuchongea kiunganishi ili slasha ya 540 izunguke kwa 1000. Kasi ya ncha ya kisu itakaribia maradufu, na hakuna sehemu ya mashine hiyo iliyopimwa kwa kasi hiyo.

Trekta jipya likiwa na PTO ya 540 ya kubana matumizi, yaani inayofikia 540 injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, itumie kwa nyasi nyepesi tu. Kwenye kichaka injini ya mizunguko ya chini inazidiwa mara moja.

Pini za slasha hazilingani na mikono ya trekta. Nifanye nini?

Pima kabla ya kulipa. Kundi la kwanza la vipimo vya pini, la matrekta madogo, lina pini za chini za milimita 22 na ya juu milimita 19. Kundi la pili lina milimita 28 na 25. Matrekta ya HP 45 hadi 60 yapo mpakani, unaweza kukuta lolote. Slasha ya kundi la kwanza kwenye trekta la kundi la pili inafungwa kwa bushi za kuongezea unene, vitu vya bei ndogo. Kinyume chake kinataka kubadilisha pini zenyewe. Kutoboa mikono ya trekta kupanua matundu ni kuiharibu.

Nikikanyaga klachi, slasha inaendelea kulisukuma trekta. Limeharibika?

Halijaharibika, ni la muundo wa zamani tu. Kwenye matrekta ya klachi ya hatua moja, PTO na magurudumu vimeunganishwa. Visu vizito vikiwa vinazunguka, nguvu yake inarudi kwa njia ya shafti hadi kwenye gia na kuendesha magurudumu hata baada ya kukanyaga klachi. Ukiwa karibu na mtaro au ukuta ni hatari sana.

Dawa yake ni klachi ya kuachia, kipande kinachovikwa kwenye shafti ya PTO kinachoruhusu nguvu kwenda upande mmoja tu. Kinaongeza urefu wa shafti, hivyo soma pia swali la urefu wa shafti. Matrekta yenye klachi ya hatua mbili, ambayo PTO yake inaendelea trekta likisimama, hayana shida hii.

Nikinyanyua slasha, mbele kunakuwa kwepesi na usukani hauitikii.

Slasha ni nzito kuliko trekta lako linavyoweza kuibeba peke yake. Mbele panatakiwa kubaki na angalau asilimia 20 ya uzito wote ili usukani ushike. Ongeza vyuma vya uzito mbele, au chukua slasha ya kukokotwa yenye magurudumu yake. Slasha nzito ya futi sita kwenye trekta dogo ndiyo inayoleta malalamiko haya zaidi.

Pawatila inaweza kuvuta slasha hizi?

Hapana. Tafuta mashine ya kusukuma kwa mkono.

## Uzito wa kazi na uimara

Nitajuaje daraja la slasha ninalohitaji?

Tembea shambani ukiwa na futi kamba na upime shina nene unalokutana nalo mara kwa mara. Shina moja kubwa lililo peke yake liondoe kwa shoka. Slasha nyepesi inakata hadi sentimita 2.5, ya kati hadi 5, nzito hadi 7.5 au 10.

Ununue kwa hali ya shamba baada ya usafi wa kwanza, usinunue kwa hali ya leo. Shamba lililoachwa miaka mitano linatisha, na mtu ananunua slasha nzito kwa woga. Baada ya usafi mmoja, shamba hilohilo linabaki na nyasi na machipukizi ya unene wa kidole. Kazi ya kwanza kodi mashine nzito au weka vibarua na mapanga, kisha nunua ya kati kwa ajili ya miaka inayofuata.

Nikiwa dukani, niangalie nini kwanza?

Giaboksi. Bati likipasuka linachomelewa mchana mmoja kijijini. Giaboksi ikipasuka msimu umekwisha. Uliza imepimwa kwa HP ngapi: isiwe chini ya HP ya PTO ya trekta lako, na kwa vichaka iwe juu yake kwa mbali. Uliza pia kama sili, beringi na gia zake zinapatikana mjini kwako au lazima ziagizwe. Muuzaji anayesema «haiharibiki» hana spea.

Kisha inama uangalie chini. Visu vinapaswa kufungwa kwenye sahani ya duara iliyobonyea kama karai, si kwenye chuma cha bapa. Sahani hiyo inateleza juu ya visiki na mawe na kuilinda shafti ya giaboksi. Kwa ardhi yetu nisingenunua slasha isiyo nayo, hata ingekuwa nusu bei. Angalia unene wa bati, na kama kuna minyororo au mipira ya kuzuia vitu kuruka mbele na nyuma. Rangi usiitazame.

Kinga ya bolti inayokatika na kinga ya klachi ya kuteleza, ipi bora?

Zote hukaa kwenye shafti na zinalinda giaboksi na trekta kisu kikigonga kitu kisichokubali. Bolti ni rahisi na nafuu: inakatika, unaweka nyingine, unaendelea. Kwa shamba la nyasi lenye visiki vichache inatosha. Kwenye shamba la visiki vingi utachoka, na hapo ndipo dereva anapoingiza bolti ngumu ya daraja la 8.8, au chuma cha nondo, ili apumzike. Kuanzia siku hiyo kinachokatika ni gia. Weka bolti za daraja lililoandikwa kwenye kitabu, nunua kumi na ziwe kwenye sanduku la trekta.

Klachi inateleza yenyewe na kuendelea, lakini ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: ikikaa miezi kadhaa bila kazi, sahani zake zinagandana kwa kutu na inakuwa kama chuma kimoja. Kila mwanzo wa msimu legeza springi zake, izungushe iteleze kwa sekunde chache, kisha kaza kwa kipimo cha awali. Pwani, ambako chumvi inakula kila kitu, fanya hivyo hata kama imekaa mwezi mmoja.

## Bajeti

Fedha zangu ni chache. Nipunguze wapi, na wapi nisipunguze?

Punguza upana. Punguza urembo, magurudumu mawili ya nyuma badala ya moja, na mitambo ya kunyanyua kwa haidroliki. Usipunguze giaboksi, sahani ya visu, wala kava la shafti. Futi tano yenye giaboksi ya kuaminika ni mali kuliko futi saba ya bati jepesi, na siku ya kuuza utaiona tofauti.

Slasha zinazotengenezwa na mafundi wa hapa zinafaa?

Nyingi zinafaa, kwa sharti moja: fundi atengeneze boksi na fremu, na giaboksi iwe ya kiwandani. Karakana nzuri za Arusha, Morogoro au Nakuru zinatumia bati nene kuliko baadhi ya slasha za kuagizwa, na ukirudi na tatizo unamkuta mtu. Hofu yangu ni giaboksi iliyotolewa kwenye difu ya gari kuukuu. Uwiano wa gia zake ulipangwa kwa magurudumu, na mara nyingi visu vinazunguka taratibu mno au kasi kupita kiasi. Dai kuonyeshwa uwiano wa giaboksi, na taka slasha izungushwe dakika kumi mbele yako huku umesimama mbali: mtetemo mkubwa ni dalili kwamba visu havina uzito sawa au shafti imepinda. Kwa Tanzania, CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo kilichoko Arusha, kinajihusisha na kupima zana za kilimo. Muulize muuzaji kama mashine yake imewahi kupita huko.

Nakagua slasha iliyotumika. Niguse wapi?

Shika kisu na ujaribu kukinyanyua juu na chini. Kikicheza kidogo kwenye bolti yake ni kawaida. Sahani nzima ikicheza, beringi za giaboksi zimekwisha. Fungua kifuniko cha oili na uchovye kijiti: oili ya rangi ya maziwa imeingia maji, na vumbi la chuma linalometa ni gia zinazokulana. Tazama chini kama sili inavuja. Angalia nyufa pale mikono inapoungana na bati, na uwe makini na mahali palipochomelewa na kupakwa rangi mpya. Mwisho, chomoa shafti katikati. Ikigoma kutoka, imepinda au haijawahi kuona grisi.

Ninunue au nikodi?

Piga hesabu kwa ekari. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme slasha ni shilingi milioni 6 za Tanzania, na baada ya miaka sita utaiuza milioni 1.8. Umepoteza milioni 4.2, yaani 700,000 kwa mwaka. Ongeza 300,000 za visu, bolti, grisi na fundi, inakuwa milioni moja kwa mwaka. Mwenye ekari 40 anayefyeka mara mbili kwa mwaka anagawa kwa 80: shilingi 12,500 kwa ekari kabla ya dizeli na dereva. Mwenye ekari 10 anagawa kwa 20: shilingi 50,000. Sasa uliza bei ya kukodi kijijini kwako, toa dizeli na dereva, ulinganishe.

Hesabu hiyo haina kitu kimoja: wakati. Wote mnataka kufyeka wiki zilezile, na mwenye slasha anamaliza kwake kwanza. Wenye korosho wanalijua hili. Ndiyo maana majirani watatu wanaochangia slasha moja hugombana hata kama hesabu ni nzuri. Ukichangia, andikeni zamu na nani analipa giaboksi.

Kuna mikopo ya zana kama hizi?

Ipo. Tanzania kuna kampuni za kukodisha-kununua zana ambazo hutumia mashine yenyewe kama dhamana, pamoja na dhamana za taasisi ya PASS kwa mikopo ya benki. Kenya kuna AFC, shirika la serikali la mikopo ya kilimo. Ila slasha peke yake ni kitu kidogo kwa mkopeshaji, na wengi huichukua pamoja na trekta. Ukiwa unanunua trekta, iingize slasha kwenye ankara ileile.

## Kufunga, kutumia, kutunza

Shafti ni ndefu au fupi. Ninaipimaje?

Funga slasha bila shafti, inyanyue na uishushe taratibu hadi upate mahali ambapo umbali kati ya PTO na giaboksi ni mfupi kuliko pote. Hapo shafti ikiwa imefungwa lazima ibaki na nafasi ya sentimita 2.5 hadi 5 kabla ya kugota. Ikigota, itasukuma ndani na kuvunja beringi za PTO ya trekta, gharama ambayo ni kubwa kuliko slasha. Kwenye umbali mrefu zaidi, vipande viwili viwe bado vimeingiliana kwa theluthi ya urefu wake. Ukikata, kata sawa pande zote mbili pamoja na kava lake la plastiki, lainisha kingo kwa tupa na upake grisi.

Slasha ikae juu kiasi gani?

Juu kuliko unavyodhani. Sentimita 8 hadi 10 kwenye nyasi, zaidi kwenye mawe. Visu vinavyogusa udongo vinaisha kwa siku moja na kula dizeli. Mbele iwe chini kuliko nyuma kwa sentimita 1 hadi 2.5, ili majani yakatwe mara moja na kutoka. Mkono wa juu uachiwe ulegevu kidogo ili slasha ifuate mabonde ya ardhi. Injini iendeshwe kwenye alama ya 540 muda wote. Ukitaka kupunguza mwendo, shusha gia, usipunguze mafuta.

Visu vinolewe vikali kama panga?

Hapana. Acha ukingo wa milimita moja na nusu hivi. Makali membamba yanajikunja kwenye kisiki cha kwanza. Noa upande uleule wa awali, na upime visu vyote kwenye mizani, viwe na uzito sawa. Kimoja kikivunjika, badilisha vyote. Mtetemo wa kisu kipya na cha zamani unaua beringi kimyakimya.

Matunzo ya kila siku ni yapi?

Grisi kwenye krosi za shafti kila baada ya saa nane za kazi, pamoja na gurudumu la nyuma. Kagua bolti za visu kila asubuhi, oili ya giaboksi kila wiki (oili ya gia, 80W-90 au iliyoandikwa kwenye kitabu). Ondoa majani makavu yaliyorundikana juu ya giaboksi, maana yanashika moto.

Hatari kubwa iko wapi?

Iko sehemu mbili. Ya kwanza ni shafti: kwa 540 inazunguka mara tisa kila sekunde, na upindo wa kanzu, kanga au koti la mvua ukishikwa hakuna muda wa kuuvuta. Kava lisiondolewe, na dereva asishuke kabla ya kuzima PTO na injini na kusubiri visu visimame vyenyewe.

Ya pili ni vitu vinavyoruka. Watoto wanapenda kufuata trekta, na wachungaji wanasogea kwa sababu majani mapya yamekatwa. Pasiwe na mtu ndani ya mita 100. Hakuna abiria kwenye trekta, na hakuna wa kukalia slasha ili «iongezeke uzito», jambo ambalo bado linaonekana.

## Hali za pekee

Nina mathenge. Slasha itayamaliza?

Haitayamaliza. Mathenge (miti ya miiba aina ya Prosopis), yaliyoletwa maeneo kama Baringo, Kenya, miaka ya 1980, yakikatwa yanachipua kutoka kwenye kisiki, tena kwa mashina mengi kuliko ya awali. Slasha nzito inafungua njia tu. Baada yake kisiki king'olewe chini ya shingo ya mzizi au kitibiwe kwa dawa. Migunga mingi nayo ina tabia ya kuchipua. Na fikiria matairi: miiba iliyokatwa inabaki imesimama. Kata kwa kurudi kinyumenyume pale unapoweza, slasha itangulie na magurudumu yafuate polepole.

Shamba lina gugu karoti. Nifyeke lini?

Kabla halijatoa maua. Likishakomaa, slasha inasambaza mbegu shamba zima, na boksi linabeba nyingine hadi shamba la jirani. Vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo dereva avae mikono mirefu na barakoa, na slasha ioshwe kabla ya kutoka.

Vichuguu na mawe yaliyofichwa na majani?

Tembea kwanza. Kichuguu cha kiangazi ni kigumu kama tofali la kuchoma. Weka mti wenye kitambaa kila penye kizuizi, na upitishe slasha mara ya kwanza ikiwa juu, sentimita 20 au zaidi, kisha rudia chini.

Chini ya mikorosho yenye matawi ya chini?

Slasha inayosogezwa pembeni, ili trekta lipite nje na visu viingie ndani. Kazi hii ifanyike kabla korosho hazijaanza kudondoka, ili waokotaji waone ardhi. Pogoa kwanza, fyeka baadaye, na matawi manene yasiachwe njiani kwa visu.

Kwenye mteremko?

Panda na kushuka, usikate kwa kuvuka. Nyuzi 15 ni kikomo kinachotumiwa na wengi. Trekta lisilo na fremu ya kinga lisiingie.

Naweza kukatia hei ya nyasi za boma rhodes?

Unaweza, na utajuta wakati wa kufunga robota. Slasha inakatakata majani vipandevipande na kuyatawanya, mengi yanabaki chini na yanayookotwa yana udongo. Kwa hei unahitaji mowa ya diski au dramu, inayokata shina mara moja na kulilaza kwenye mstari. Slasha itumie kwenye malisho baada ya ng'ombe kutoka, kusawazisha mabua waliyoyakataa ili nyasi zichipue pamoja.